Mabingwa wa Kumeza na Kutema Joto

Kiswahili kina neno moja kwa vyombo viwili vinavyofanya kazi ileile, na sidhani waliolitumia mara ya pili walikusudia hivyo. Mtungi wa kwanza ni ule wa udongo, wa maji ya kunywa, uliokaa pembeni ukiwa na kata juu ya mfuniko. Mtungi wa pili ni wa chuma, wa gesi, ulio karibu na jiko la mama lishe. Shika tumbo la ule wa udongo saa nane mchana wakati wa kaskazi: lina unyevu, na ni baridi kuliko hewa ya chumbani. Shika ule wa gesi wakati sufuria ya pilau ya harusi iko jikoni na moto umewashwa wote: nao umelowa, nao ni baridi, na ukiutazama vizuri utaona jasho lake linaishia palepale gesi iliyo hali ya maji ilipofikia ndani.

Jasho la mtungi wa udongo linatoka ndani, kupitia vitundu vya ule ufinyanzi. Jasho la mtungi wa gesi linatoka hewani, limegandia kwenye chuma kilichopoa. Lakini sababu ya ubaridi ni moja. Katika vyombo vyote viwili kuna kimiminika kinachogeuka kuwa mvuke, na hakuna kimiminika kinachogeuka mvuke bure. Lazima kipate joto, na kisipopewa hulichukua kwa jirani: kwa maji yaliyobaki, kwa chuma, kwa mkono wako. Joto hilo likiingia, kipimajoto hakipandi hata kidogo. Ndiyo maana vitabu vyetu vya fizikia vinaliita joto fiche.

Tumezoea kuwapa taji wanaowaka. Mimi naanza na wanaomeza, maana ndio wanaobeba mzigo mkubwa.

Bingwa wa jikoni

Miongoni mwa vimiminika tunavyoishi navyo, maji hayana mshindani. Kilo moja ya maji yanayochemka ikitaka kugeuka mvuke yote inameza kilojuli 2,257. Amonia, ambayo viwanda vya barafu vimeitumia miaka mingi, inameza kama 1,370. Spiriti, ile ya kusafishia vidonda, inameza 850 hivi. Zebaki, pamoja na uzito wake wote, haifiki 300.

Namba hizo zinaeleweka zaidi ukiwa mbele ya jiko. Kuipandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunagharimu kilojuli 314. Kuyamaliza yote kwa mvuke kunagharimu mara saba ya hapo. Anayepika maharage huku sufuria ikifoka bila mfuniko analipia mkaa ili kupasha hewa ya jikoni joto. Maji yakishachemka hayapandi tena, hata ukiongeza moto. Yanazidi tu kukimbia. Punguza moto, funika, na maharage yataiva kwa muda uleule. Nimewaambia watu wengi jambo hili na wengi hawakuniamini mpaka walipopima mkaa wao wenyewe.

Deni hilo hulipwa mvuke unaporudi kuwa maji, na linalipwa lote papo hapo. Gramu moja ya maji ya moto ikikumwagikia mkononi, itakapopoa kutoka nyuzi 100 hadi 37 itakuachia juli kama 263. Gramu moja ya mvuke inakuachia kwanza 2,257, kwa kule kugeuka maji tu juu ya ngozi, halafu na hizo 263. Karibu mara kumi. Fungua mfuniko ukiuelekeza upande wa pili, uso wako ukiwa mbali.

Rudi sasa kwenye mtungi wa udongo. Tuseme una lita 10, na umetoa jasho la gramu 100, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa. Katika joto la kawaida la kwetu gramu hizo zinaondoka na kilojuli 243 hivi. Kama zote zingetoka kwenye maji yaliyobaki, yangepoa kwa karibu nyuzi 6. Kwa kweli hewa ya chumba inarudisha sehemu, na ikiwa yenyewe imejaa unyevu jasho halikauki kabisa. Kwa hiyo mtungi wa Dodoma, penye hewa kavu, hupoza vizuri kuliko wa Tanga, ingawa mfinyanzi anaweza kuwa yuleyule.

Mtu aliyelipima joto fiche kwa mara ya kwanza kwa makini ni Joseph Black, mwalimu wa tiba na kemia katika Chuo cha Glasgow, Scotland. Mwaka 1761 alichukua chupa mbili zinazofanana, moja ikiwa na barafu, nyingine maji yaliyopozwa mpaka karibu ya kuganda, akazitundika katika ukumbi mkubwa usio na moto. Yale maji yalipanda nyuzi 7 za Fahrenheit kwa nusu saa. Barafu ilihitaji saa kumi na nusu kufika palepale. Muda wote huo joto la ukumbi lilikuwa likiingia kwenye chupa zote mbili kwa mwendo ule ule. Black alihesabu saa, akajua kiasi kilichofichika. Kwa vipimo vya leo ni kilojuli 334 kwa kila kilo ya barafu inayoyeyuka. Ninampenda Black kwa subira hiyo: kifaa chake kikubwa kilikuwa ukumbi wenye utulivu.

Wa mwisho kabisa

Upande wa pili wa jedwali yuko heliamu. Inachemka ikiwa nyuzi 269 chini ya sifuri, na kilo yake moja inameza kilojuli 21 tu kugeuka hewa, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya yale yanayomezwa na maji. Kikombe kimoja cha maji, gramu 250, kikipoa kwa nyuzi 2 na nusu, joto kilichoachia lingetosha kuikausha lita nzima ya heliamu ya maji. Kwa kuwa inachemka kwenye baridi kali hivyo, ilikuwa gesi ya mwisho kukubali kuwa kimiminika: Heike Kamerlingh Onnes aliifikisha hapo mjini Leiden, Uholanzi, tarehe 10 Julai 1908, na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mashine za MRI za hospitalini zinapozwa kwayo, ikiwa imefungwa ndani ya makasha yenye ombwe kama chupa ya chai, kwa sababu joto kidogo tu linaitoroshea mbali. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, lina hazina ya gesi hiyo ardhini.

Kwa metali nitapita haraka. Chuma kikichemka humeza zaidi ya kilojuli 6,000 kwa kilo, maji yanaachwa mbali, ila lazima kwanza ukifikishe nyuzi 2,860. Na tungsteni, ule uzi wa ndani ya balbu za zamani, ndiyo metali inayochelewa kuyeyuka kuliko zote: nyuzi 3,422.

Maziwa ya Magamba

Swali la joto lililotoka Afrika Mashariki na kusafiri mbali kuliko mengine lilianzia kwenye friji ya shule. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanzania. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye sehemu ya kugandishia. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba alimwona mwenzake akiingiza maziwa ambayo hakuyachemsha, naye akaamua kuyaingiza ya kwake yakiwa bado moto kabla nafasi haijaisha. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado yalikuwa uji.

Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na darasa likamcheka. Mwalimu akaiita fizikia ya Mpemba. Kisha Denis Osborne, mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaja shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akanyoosha mkono na kuuliza lile lile. Osborne hakumcheka. Aliporudi Dar es Salaam alilifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa pamoja.

Jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba mpaka leo, duniani kote. Sababu zilizotajwa ni nyingi: maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, na mvuke, kama tulivyoona, huondoka na joto jingi, chombo cha moto huyeyusha theluji ya friji chini yake na kugusana vizuri na bati la baridi, mizunguko ya ndani ya maji ya moto ni mikali zaidi. Chama cha kemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilipoomba maelezo mwaka 2012 kilipokea majibu zaidi ya 22,000. Miaka minne baadaye Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu mkubwa na hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huwahi. Ubishi unaendelea. Kwangu mimi thamani ya kisa hiki iko kwa yule kijana aliyeuliza mara tatu alichokiona kwa macho yake, na kwa yule mhadhiri aliyekwenda kupima kabla ya kujibu.

Siku 36

Ukitaka kuona joto fiche linatoa nguvu kiasi gani, tazama angani. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni tani 1,000 za maji. Kabla hayajawa mvua yalikuwa mvuke, na yalipogeuka yaliachia hewani joto ambalo kwa hesabu ya umeme ni uniti karibu 670,000. Bwawa la Nyerere, mitambo yake yote tisa ikizunguka kwa megawati 2,115, lingehitaji dakika 19 kuzalisha kiasi hicho. Na hiyo ni milimita moja, kilomita moja.

Kimbunga ni mashine inayoendeshwa na malipo hayo. Bahari yenye joto hutoa mvuke. Mvuke hupanda, hugeuka maji, huachia joto. Hewa iliyopashwa huzidi kupanda na kuvuta mvuke mwingine kutoka chini. Rekodi ya muda mrefu kuliko vyote inashikwa na Freddy. Kilizaliwa mapema Februari 2023 karibu na kaskazini magharibi mwa Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska, kikaingia Msumbiji. Juu ya nchi kavu mvuke ulipungua, kikanywea. Halafu kikarudi kwenye mlango bahari wa Msumbiji, kikakuta maji ya moto, kikapata nguvu upya, kikarudi Msumbiji mara ya pili na kumwaga mvua Malawi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha siku 36. Waliokufa au kutoweka walizidi 1,000, wengi wao Malawi, kwenye miteremko ya Blantyre na wilaya za jirani ambako udongo uliporomoka na nyumba. Siwezi kuiandika rekodi hii kama naandika ya mbio.

Na bahari inazidi kuwekewa akiba. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo sayari imekusanya katika miongo ya karibuni limemezwa na bahari. Maji yanaweza kumeza hivyo kwa sababu kila kilo inahitaji kilojuli 4.18 ili ipande uzi mmoja tu. Mchanga unahitaji chini ya moja.

Wanaowaka

Sasa taji za moto. Kwa uzito, hakuna kinachotoa joto kwa kuungua na oksijeni kama hidrojeni: kilojuli 142,000 kwa kilo. Gesi ya kupikia hutoa kama 50,000, petroli 46,000, mkaa mzuri 30,000. Hidrojeni hiyohiyo inashika rekodi ya pili, ya kubeba joto: kilo yake inahitaji kilojuli 14.3 kupanda uzi mmoja, zaidi ya mara tatu ya maji. Waliounda injini za vyombo vya anga vya Space Shuttle walizitumia sifa zote mbili kwa pamoja. Hidrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, ilipitishwa kwanza ndani ya kuta za injini ili kuzipoza, kisha ikaenda kuungua kwa moto wa nyuzi 3,300 pembeni ya kuta hizohizo. Moshi wake mweupe ulikuwa mvuke wa maji.

Mwali mkali kuliko yote unaojulikana ni wa disianoasetilini ikiungua na oksijeni: karibu nyuzi 4,990. Asetilini ya fundi wa kuchomelea iko kwenye 3,100 na kidogo. Ila mimi huvutiwa zaidi na themiti, aliyoiwekea hataza Mjerumani Hans Goldschmidt katika miaka ya 1890. Ni unga wa alumini uliochanganywa na kutu ya chuma. Alumini inaitaka oksijeni kuliko chuma kinavyoitaka, inainyang'anya, na katika unyang'anyi huo hutoka joto la nyuzi zaidi ya 2,000, hata pasipo hewa. Fundi wa reli huweka chungu cha unga huo juu ya pengo kati ya vipande viwili vya reli, anakiwasha, anasogea nyuma. Baada ya sekunde chache chuma kilichoyeyuka kinadondoka kwenye pengo na kulijaza. Njia za tramu za Essen ziliunganishwa hivyo mwaka 1899, na reli nyingi duniani bado zinaunganishwa hivyo.

Moto mdogo kuliko yote katika orodha hii ulikuwa wa simbilisi. Kipupwe cha 1782 kuingia 1783, huko Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka mnyama huyo ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Kwa saa kumi joto la mwili wake liliyeyusha aunsi 13, karibu gramu 400. Kwa hesabu ya leo hiyo ni kama wati 4, taa ndogo ya LED. Wakapima pia hewa aliyoivuta na kuitoa, wakafikia hitimisho kwamba kupumua ni kuungua polepole.

Ndoo ya mbolea

Mkulima anayeyeyusha yurea kwenye ndoo ili anyunyize shambani anajua jambo ambalo wanafunzi wengi hulisoma bila kuligusa: ndoo inapoa mikononi mwake, wakati mwingine mpaka inatoa umande kwa nje. Naitreti ya amonia hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Kilo moja ikiyeyuka kwenye maji humeza zaidi ya kilojuli 300, karibu sawa na barafu inapoyeyuka, na imetiwa kwenye vile vifuko vya daktari wa timu: anakiminya, kinapasuka ndani, anakiweka kwenye kifundo cha mchezaji.

Chumvi hiyohiyo, ikipashwa moto mkali ikiwa imelundikwa na kubanwa, hujivunja yenyewe na kutema. Tarehe 4 Agosti 2020 tani 2,750 zake, zilizokuwa zimekaa miaka kadhaa katika ghala la bandari ya Beirut, zililipuka baada ya moto kuzuka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Sijui kitu kingine kinachopatikana dukani chenye nyuso mbili zilizo mbali hivyo.

Anayelipa polepole

Nimembakiza mmoja, wa pwani yetu. Kwa karne nyingi wajenzi wa Kilwa, Lamu na Unguja wamechoma mawe ya matumbawe kupata chokaa. Magogo hupangwa duara, moja juu ya jingine, mpaka yawe jukwaa. Mawe huwekwa juu. Moto huwashwa katikati. Jiwe lazima lifike karibu nyuzi 900, hapo hewa ya ukaa inatoka ndani yake na jiwe linabaki jepesi, jeupe. Kazi hiyo inameza joto jingi sana, zaidi ya kilojuli 3,100 kwa kila kilo ya chokaa inayopatikana. Miti mingi iliteketea hapo, na hilo nalo ni gharama.

Ukiimwagia maji chokaa hiyo mbichi utaona malipo ya kwanza. Inatulia kidogo kama haikusikia. Kisha inapasuka, inavimba, inafoka mvuke, na maji yanachemka bila moto. Watoto hufukuzwa mbali. Kila kilo imerudisha kilojuli kama 1,150. Ni theluthi moja tu ya deni.

Mwaka 1840 Germain Hess, mkemia aliyezaliwa Geneva na kufanya kazi Saint Petersburg, alionyesha kwamba joto la badiliko la kemikali ni lilelile kwa jumla, upitie njia moja au hatua nyingi. Basi zile theluthi mbili ziko wapi? Ziko ukutani. Chokaa iliyopakwa hunyonya hewa ya ukaa taratibu, inarudi kuwa jiwe lile lile la mwanzo, na katika kurudi inaachia joto lililobaki, kidogo kidogo mno kiasi kwamba hakuna mkono unaoweza kulihisi. Hewa huingia kwa nje kwanza, na ukuta mnene huchukua miaka mingi sana.

Mafundi wanaokarabati majengo ya kale wana njia ya kuona deni limefika wapi. Wanavunja kipande kipya cha ukuta na kukidondoshea fenolfthalini, kimiminika kisicho na rangi. Palipogeuka jiwe hapabadiliki. Palipobaki chokaa panageuka waridi iliyokoza. Katika kuta nene, kipande kikitoka kwenye kiini kabisa, mara nyingine waridi hiyo bado ipo.